Ziara ya Bendi na Nyimbo Zake Mpya

Neno ziara lilitufikia sisi watu wa pwani likiwa limevaa kanzu. Mtu alikwenda ziara kuzuru kaburi la mcha Mungu, au kumwamkia mwalimu wake aliye mbali, akarejea na baraka. Baadaye neno hilo likachukuliwa na viongozi wanaokagua mashamba na viwanda, kisha na timu za kandanda, na mwishowe na bendi za muziki. Wapo wazee walionung'unika walipoliona limebandikwa kwenye mti, katika tangazo la dansi. Sisi hatukunung'unika. Katika utumishi wetu tumezitia muhuri ziara nyingi za bendi, na twathubutu kusema kwamba bendi itokayo na albamu mpya kwenda kuwapigia watu wasioijua huenda kutafuta jambo fulani kwa watu hao, wala jambo hilo si fedha za mlangoni peke yake.

Yafaa kwanza kijana asomaye aelewe jinsi bendi zetu zilivyoishi. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, bendi zilizovuma zilikuwa za mashirika na jumuiya. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama tawala. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ikaja kulelewa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mpiga gitaa wa bendi hizo alikuwa mwajiriwa, na mwisho wa mwezi alipanga foleni ya mshahara kama sisi makarani. Nyimbo zao zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania, na mkanda ukabaki hukohuko. Aliyetaka wimbo wake utoke katika sahani ya santuri, mara nyingi ilimbidi aufuate Nairobi.

Kandoni mwa hizo palikuwa na bendi zisizo na shirika. Vyombo vilikuwa vya tajiri fulani, au vya wanamuziki wenyewe waliochanga, na bwana wao alikuwa mmoja tu, naye ni mlango wa ukumbi. Watu wakiingia, bendi imekula. Wasipoingia, imelala na njaa. Kwa bendi ya namna hiyo, ziara haikuwa pambo. Kaseti zilipoenea, bendi ilirekodi nyimbo zake sita au nane, ikapakia vyombo na katoni za kaseti katika lori, ikashika njia ya mikoani.

Sisi tuliziona ziara hizo kutoka upande wa meza. Mwaka 1994 tulikuwa tukishughulikia mambo ya utamaduni Pangani. Siku mbili tatu kabla ya bendi kuwasili, alitangulia mtu wake akiwa na mkoba wa karatasi. Alitaka kibali, alitaka ukumbi, alitaka kujua kama siku hiyo pana msiba mkubwa au maulidi. Kodi ya burudani ikipigiwa hesabu, yeye hulia kwamba bei ya dizeli imepanda, nasi hujibu kwamba dizeli haimo katika fomu. Jioni ya dansi gari la matangazo hupita mitaani na kipaza sauti, watoto wakilikimbilia. Usiku wapo walioingia, na wapo waliokaa madirishani wakasikia yote bila kutoa senti. Hao wa madirishani ndio wahakiki wakali kuliko wote, maana hawana fedha ya kujutia.

Katika mwaka huo ilikuja bendi moja ya kujitegemea, jina lake tuliache, ikiwa na kaseti mpya. Wimbo wake mkubwa ulikuwa wa maombolezo ya rafiki. Ulianza polepole, kisa kikisimuliwa beti kwa beti, kisha ukaingia chemko, magitaa yakajibizana, na watu waliokuwa wakifuta machozi wakajikuta wanacheza. Huo ndio utaratibu wa dansi letu, na mgeni huustaajabia. Katika ubeti wa pili mwimbaji alisema kwamba jeneza la rafiki lilifukiwa jioni, mvua ikinyesha.

Asubuhi tulikwenda kukagua ukumbi kabla ya kurudisha funguo. Wanamuziki walikuwa wakipakia spika. Mzee mmoja wa mtaa ule, aliyekuwa akisikiliza usiku kucha barazani kwake, alimwita mwimbaji. Kijana akaamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia marahaba, kisha akamwuliza: "Mwanangu, nyinyi mlimzika rafiki yenu, au mlizika jeneza la msikiti? Jeneza hurudi. Mkilifukia, kesho mwingine atachukuliwa na nini?"

Yule kijana alikuwa mtu wa bara. Kwao jeneza ni sanduku la mbao analozikwa nalo maiti, na kwa hiyo kwao hakukosea. Kwa mzee yule jeneza ni chombo cha jamii nzima. Maiti huteremshwa kaburini katika sanda yake, na jeneza hurudishwa msikitini kumngojea mwingine. Mwimbaji alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Halafu alituomba kalamu.

Safari ya kikazi ilitupeleka Muheza kesho yake, na usiku tukaenda dansini. Ubeti wa pili ulipofika, tuliusikia: mwili wa rafiki ulifukiwa jioni. Sisi ambao hupima mashairi kwa vidole tulitambua mara moja kwamba silabi moja imepungua, maana jeneza lina mizani tatu na mwili una mbili. Mwimbaji aliivuta ile silabi ya kwanza hata ikajaza pengo, na mvuto ule ukawa kama kilio. Wimbo ulikuwa mzuri zaidi kuliko jana. Kaseti zilizokuwa zikiuzwa mlangoni zilisema jeneza, na ikiwa pana mtu aliyeitunza yake hadi leo, bado yasema jeneza.

Hapo ndipo tulipoanza kuifikiri upya safari ya bendi nyingine, ambayo nchi nzima ilijivunia. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila. Hiyo nayo haikuwa bendi ya shirika. Mwaka 1988 ilialikwa Uingereza na waandaaji wa tamasha la WOMAD, lililoasisiwa na mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake, ikazunguka majukwaa ya Ulaya. Mwaka 1989 ikarekodi katika studio ya Gabriel, katika kijiji cha Box, albamu iliyoitwa Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za mtu maskini. Ndani yake zimo Sauti ya Mnyonge, Kipenda Roho na Muziki Asili Yake Wapi. Zilipigwa kwa ufundi, zikarekodiwa kwa mitambo ambayo studio zetu hazikuwa nayo, na anayetaka kuwafundisha vijana magitaa matatu yanavyosemezana bila kugombana hana budi kuanzia hapo.

Lakini tazama jambo hili. Remmy alikuwa mtunzi wa maneno. Muziki wake aliuita ubongo, maana aliukusudia kichwa pamoja na miguu. Watu wa Ulaya walimpokea kwa miguu. Walicheza, walipiga makofi, walinunua sahani, nasi twawashukuru. Mzee wa barazani hakuwapo. Hapakuwa na mtu wa kusema, "Ubeti huu sivyo," wala wa kucheka pale panapochekesha. Katika albamu iliyofuata, Mambo, ya mwaka 1992, zimo nyimbo za Kiingereza. Hatumlaumu, kwani mtu hutaka kueleweka na wale waliolipa kiingilio. Ila masikio yetu hurudi daima katika ile ya kwanza.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Wimbo wake Mambo kwa Soksi, uliowahimiza watu kutumia kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza nyumba, haukupigwa na redio ya taifa. Hata hivyo watu waliujua. Waliupata dansini na katika kaseti, wakaubishania vijiweni na sokoni, wengine wakimwita mtovu wa adabu na wengine wakisema ndiye peke yake aliyesema kweli. Sisi tulikuwa upande wa hao wa pili, ingawa ofisini hatukuulizwa. Bendi yenye mwajiri ingekatazwa na mwajiri wake. Bendi ya mlangoni ilikatazwa na redio tu, na mlango ulikuwa ungali wazi. Remmy alifariki Desemba 2010. Kituo cha daladala cha Sinza kinaitwa kwa jina lake, na wengi wanaoteremka pale hawajapata kusikia hata ubeti mmoja wa nyimbo zake.

Siku hizi albamu hufika kabla ya mwenyewe. Hutolewa usiku wa manane, na alfajiri mwanafunzi wa Pangani anayo katika simu sawasawa na mwanafunzi wa Dar es Salaam. Hilo ni jema, wala hatutamani kurudi katika siku za kaseti zilizokwaruza. Kinachotusumbua ni ziara inayofuata baadaye. Mwimbaji hupanda jukwaani peke yake, muziki ukitoka katika mashine, naye akiimba juu ya sauti yake mwenyewe. Chemko haliwezi kurefushwa hata watu wakitaka, kwa kuwa mashine haiwaoni. Na neno lililokosewa studio hukosewa vilevile Muheza, Korogwe na Lushoto. Mwalimu wa fasihi simulizi angefanya vema kuwapeleka wanafunzi wake kuisikia bendi yenye vyombo, kisha wakalinganisha maneno waliyoyasikia na yale yaliyomo katika simu zao.

Zingalipo bendi za namna hiyo, ila ni ngumu kuziendesha. Mwaka jana walikuja ofisini vijana watano, wasio na mfadhili, wenye nyimbo nane walizozirekodi wenyewe. Walitaka kupiga katika wilaya nne, na walitaka kujua waanzie wapi. Tuliwapa fomu ya kibali, tukawaonyesha pa kulipia, tukawauliza wana gari gani. Walisema wataazima pikapu ya mjomba wa mpiga dramu; ila hawajaamua kama watapakia jenereta au watamwacha mpiga tumba apande basi.