Usiguse Kitu Kingine

Mimi ni mtu wa mlimani. Nilizaliwa katikati ya migomba ya Kilimanjaro, na neno marijani nililijua kwanza katika Biblia, katika ile Mithali 31 ambako mke mwema anathaminiwa kuliko marijani. Utotoni nilidhani ni aina ya shanga za mabibi matajiri. Kwamba marijani ni jamii ya matumbawe, na kwamba tumbawe ni mnyama anayekula, anayekua na anayeugua, nilikuja kujua nikiwa na miaka 42, tena mbali na bahari, sebuleni kwa mzee mmoja huko Leipzig.

Usharika wetu una urafiki na usharika mmoja wa huko. Uhusiano wenyewe ni wa zamani, maana wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mimi nilitumwa kwa miezi mitano ya majira ya baridi, nikapewa chumba kwa mgane mmoja, dereva wa treni mstaafu. Sebuleni kwake palikuwa na tangi la kioo la lita 300 lililojaa maji ya chumvi, samaki wawili na matumbawe. Lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa tumbawe laini lenye umbo la uyoga, pana kama sahani ya wali. Juu yake yote lilikuwa na minyiri midogo iliyoyumba na mkondo, kama shamba la ngano kwenye upepo. Mke wake ndiye aliyelinunua likiwa dogo kama kifuniko cha chupa. Mke alikuwa amefariki miaka miwili kabla sijafika.

Jioni moja nilimwambia habari ya Mithali 31. Akafungua Biblia yake, ile ya Luther, akanionyesha kwamba huko imeandikwa lulu, si marijani. (Neno lenyewe la Kiebrania wasomi hawajaafikiana. Chuoni tulilijadili kipindi kizima tukatoka kama tulivyoingia.) Mzee akafikiri kidogo, kisha akasema Biblia ya Kiswahili ndiyo iliyomfahamu mke wake.

Mwezi wa pili akaingia hospitali kuwekewa nyonga bandia. Angekaa wiki tatu pamoja na mazoezi ya kutembea. Aliniachia karatasi moja: kila asubuhi ongeza maji matamu yaliyochujwa hadi kwenye alama, kwa sababu maji huondoka kwa mvuke lakini chumvi hubaki; samaki wape chakula kidogo mara moja kwa siku. Chini kabisa aliandika, akapigia mstari mara mbili: usiguse kitu kingine.

Siku ya nne tumbawe likajifunga. Minyiri yote iliingia ndani, likawa la kijivu, limesinyaa, likiwa na utando unaong'aa kama limepakwa nta. Siku ya tano hivyo hivyo. Nilishikwa na hofu ya kweli. Niliona kitu pekee chenye uhai alichoachiwa na mkewe kikifia mikononi mwangu.

Nikafanya kazi kama mtu anayezima moto. Nililisogeza juu, karibu na taa. Nikaongeza saa za mwanga. Nilipunguza nguvu ya pampu, nikidhani mkondo unalichosha. Nikaongeza chakula. Siku ya saba nilitoa nusu ya maji yote, ndoo kumi, nikajaza maji mapya niliyoyachanganya mwenyewe kwa chumvi aliyoiweka chini ya nyumba. Yalikuwa ya baridi, na chumvi niliipima kwa jicho, kama ya ugali wenye nyama. Usiku ule matumbawe mengine nayo yakajifunga, na ukingo mmoja wa lile kubwa ukaanza kuoza.

Mzee alikuwa akipiga simu kila jioni. Jioni nne mfululizo nilimwambia kwamba kila kitu ni salama. Ndugu msomaji, mimi niliyewafundisha wana wa kipaimara Amri ya Nane kwa miaka kumi na tano nilimdanganya mgonjwa kitandani, nikaita udanganyifu huo huruma.

Jumamosi nilipanda tramu hadi hospitali nikamweleza yote, toka siku ya nne. Alinisikiliza amefumba macho. Kisha akauliza, "Utando ulikuwa unang'aa kama nta?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mchungaji, lilikuwa linavua ngozi. Hufanya hivyo kila baada ya miezi kadhaa. Hujifunga siku chache, wakati mwingine wiki mbili, likatupa uchafu uliolishika, kisha likafunguka. Linahitaji mkondo tu wa kuuondoa ule utando. Siku ya nne lilikuwa zima. Sasa ndiyo linaumwa."

Mkondo ndio niliokuwa nimeupunguza.

Alinituma kupima chumvi kwa kile kipimo chake cha kuchungulia kama darubini ndogo. Ilitakiwa iwe gramu 35 kwa kila kilo ya maji, nilikuta 38. Nilitaka kurekebisha siku hiyo hiyo, akanikataza kwa simu, kwa ukali kidogo. Nitoe lita tano tu kwa siku, niweke lita tano za maji matamu, kwa siku tano. Alisema hata jambo sahihi, likija kwa kishindo, ni pigo jingine. Jiwe nilirudishe mahali pake, pampu kama ilivyokuwa, taa kama ilivyokuwa. Halafu nikae.

Kukaa ndiko kulikonishinda. Baada ya lita zangu tano sikuwa na la kufanya, nami nilivuta kiti nikatazama kioo. Hapo ndipo akanijia mama mmoja wa usharika wangu.

Mwanawe alikufa kwa ajali ya bodaboda. Baada ya mazishi mama huyu hakuonekana ibadani. Jumapili ya tatu nilituma wazee wa kanisa. Kisha nikatuma kina mama. Kisha kwaya ikaenda kuimba uani kwake bila taarifa. Nilimtaja jina katika maombi ya kanisa zima, sikumwuliza. Nilimpigia simu kila wiki. Alipoanza kufunga geti, niliwaambia wazee kwamba imani yake ilikuwa haina mizizi. Katika taarifa yangu kwa jimbo niliandika kwamba nimemfuatilia kwa bidii.

Katekisimo Ndogo, katika ufafanuzi wa sehemu ya tatu ya Imani, inafundisha kwamba siwezi kumwendea Kristo kwa akili wala nguvu zangu, ila Roho Mtakatifu ameniita. Nimeifundisha hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mbele ya lile tangi niligundua kwamba niliiamini kwa habari yangu tu. Kwa habari ya yule mama niliamini nguvu zangu. Sikuwahi hata kujiuliza kama yuko katika siku zake za kujifunga, na kama Mungu yuko naye humo ndani.

Matumbawe madogo yalifunguka baada ya wiki. Lile kubwa lilichukua siku 19, na hata hivyo si lote. Mzee alirudi kwa magongo, akaketi, akaukata ule ukingo uliooza kwa wembe, mkono wake ukitetemeka. Hakunilaumu. Nilipomwomba msamaha kwa uongo alisema mkewe naye aliwahi kumficha jambo la tangi hilo, ila hakunieleza ni lipi.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa yule mama peke yangu, nikamwambia maneno niliyoyasema kwa wazee, nikaomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe. Nikamwomba ruhusa ya kupita Alhamisi jioni. Akasema geti halina kufuli.

Hadi ninapoandika haya hajarudi kanisani. Mwezi uliopita alileta ungo wa maharage akauweka katikati yetu, tukachambua mpaka giza likaingia.