Usingoje Shavu Livimbe

Mtoto wangu,

Mama yako amenieleza kwamba siku hizi unatafunia upande wa kushoto tu, chai unaiacha ipoe kabisa ndipo uinywe, na usiku unalala na punje ya karafuu kati ya shavu na ufizi. Tena ukitajiwa daktari wa meno, unasimama na kutoka nje. Sikuandikii ili nikukemee. Na usione haya: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, na wengi wao shida yao ni kuoza kwa meno, kama wewe. Ila hofu yako inakudanganya kwa jambo moja. Unadhani kungoja kunakuepusha na maumivu, kumbe maumivu hayo unayoyaogopa yanazaliwa na huko kungoja.

Tazama jinsi jino linavyoharibika. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi, na kila unapokunywa kitu kitamu, asidi hiyo hulishambulia jino kwa karibu nusu saa. Anayemaliza kikombe cha chai ya sukari mara moja anaumia kidogo kuliko anayekivutavuta toka asubuhi mpaka adhuhuri. Tabaka la nje la jino halina mshipa wa fahamu, ndiyo maana tundu huanza kimyakimya, na likizibwa wakati huo mtu huumia kidogo sana au haumii kabisa. Likipita hapo, maji baridi huanza kuchoma. Likifika kwenye kiini, ambamo mna damu na mishipa, ndipo usingizi unapokimbia. Baadaye usaha hukusanyika kwenye mzizi, na hapa ndipo penye jambo ambalo watu hawaelezwi: nyama yenye usaha huwa na asidi, na asidi hiyo hudhoofisha dawa ya ganzi. Lidokaini, dawa iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943 na inayotumika mpaka leo duniani kote, hutia ganzi ufizi wenye afya ndani ya dakika chache, lakini kwenye uvimbe mkali inaweza kushindwa. Basi yule aliyekuambia kwamba sindano haikushika, na kwamba aliisikia koleo mpaka mfupani, huenda alisema kweli tupu. Muulize tu alikwenda lini. Mara nyingi utakuta alikwenda shavu likiwa limeshavimba, na habari yake ndiyo inayowafanya wengine nao wangoje mpaka wavimbe.

Utasema hata hiyo mashine ya kutoboa, mlio wake peke yake unakutoa jasho. Basi ujue kwamba si kila tundu linahitaji mashine. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, Jo Frencken na wenzake wa chuo cha udaktari wa meno cha Dar es Salaam walijaribu njia inayofaa vijiji visivyo na umeme: sehemu iliyooza na kulainika inakwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu linajazwa dawa inayoshikamana na jino. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo, na leo inatumika nchi nyingi. Mara nyingi haihitaji hata sindano. Lakini inafaa jino ambalo kiini chake bado kizima. Kila mwezi unaoongeza, unajifungia mlango huo mwenyewe.

Najua pia unajitibu kwa vidonge. Amoksilini ya dukani hupunguza uvimbe, halafu tundu linabaki palepale na ugonjwa unarudi. Aspirini ukiiweka juu ya ufizi inauchoma. Na siku jino litakaponyamaza ghafla bila kutibiwa, usishukuru: huenda kiini kimekufa na usaha unatafuta njia. Usaha ukishuka chini ya ulimi na shingoni, unaweza kuziba pumzi na kuua mtu. Ukiona uvimbe chini ya taya, homa, au ukishindwa kumeza, usingoje hata asubuhi.

Pesa ni kizuizi cha kweli. Hapa kwetu mgonjwa hulipa kwa mfuko wake. Lakini kuziba tundu dogo ni mara moja, nawe umeshaanza kununua vidonge mwezi baada ya mwezi. Kuhusu vyombo vichafu, una haki ya kuogopa, maana koleo isiyotakaswa ipasavyo huweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo usikubali kung'olewa sokoni. Ebola ya 2018 hadi 2020 ilitufundisha sisi watu wa Ituri kuuliza juu ya glavu na klorini bila aibu. Uliza hivyohivyo kwa daktari wa meno.

Limebaki lile ulilomwambia mama yako, kwamba watu wa Bogoro walionusurika shambulio la kijiji chao la 24 Februari 2003 hawawezi kulilia jino. Nimelifikiria sana. Mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, ilipoamua fidia katika kesi ya Germain Katanga kuhusu shambulio hilo, iliwapa wahanga 297 dola 250 kila mmoja, na ikaagiza pia msaada wa makazi, wa kipato, wa masomo na wa kutibu majeraha ya moyoni. Majaji walikubali kwamba hofu inayomkaa mtu ni jeraha linalostahili tiba. Waliopoteza watu wao hawakukuomba uvumilie usaha kwa heshima yao.

Panda pikipiki asubuhi, barabara ikiwa salama, ufikie kwangu Bunia. Kula kwanza, maana njaa huongeza kizunguzungu. Mwambie daktari mapema kwamba unaogopa, mpatane kwamba ukiinua mkono atasimama. Kama ni kung'oa, utauma pamba nusu saa, siku hiyo usisukutue, na chai ya moto uiache mpaka ganzi iishe. Uji nitakupikia mimi.

Shangazi yako