Mkono wa Mtunzi: Maoni ya Msomaji Mmoja juu ya Riwaya na Tamthiliya Chache za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una desturi ya kuzungumza kwa sauti ya wengi. Mhakiki husema kwamba jamii inasawiriwa, tabaka linakandamizwa, dhamira inajitokeza. Ni nadra kumsikia akisema kwamba kitabu fulani kilimchosha alipofika katikati, au kwamba kingine kilimtoa machozi bila yeye kujua sababu. Desturi hiyo ina faida yake, kwani humzuia mhakiki asigeuze matamanio yake kuwa sheria. Ina hasara pia, nayo ni kwamba humpa maficho. Msomaji anayezungumziwa katika kurasa hizi alijificha humo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Msomaji huyo ni mwalimu wa fasihi aliyekwisha kustaafu. Alipokuwa akihamisha vitabu vyake kutoka ofisini kwenda nyumbani, aliona vingi vimejaa alama za kalamu nyekundu pembezoni mwa kurasa: fani, maudhui, usawiri, ujumbe. Alama hizo ziliwekwa kwa ajili ya mihadhara. Hakuona hata moja iliyoeleza kama kitabu kilimgusa au la. Basi masika yalipoingia aliamua kusoma upya riwaya tano na tamthiliya tatu bila kalamu mkononi, na kila alipofunga kitabu kujiuliza swali moja: je, yale aliyoyafundisha ndiyo aliyoyasoma?

2.0 Riwaya

Alianza na Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, na alianza nayo kwa sababu ya deni. Mnamo 1993 mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza aliandika katika insha yake kwamba Rosa hakuuawa na jamii wala na malezi ya Zakaria, bali aliuawa na mtunzi. Hoja yake ilikuwa kwamba kila binti huyo anapokaribia kupata njia, mtunzi humfungia, kama mtu anayeziba matundu yote ya fuko isipokuwa lile lenye mtego. Mwalimu alipiga mstari chini ya sentensi hiyo, akaandika pembeni kwamba hakuna ushahidi, akatoa alama ya D. Mwanafunzi alikuja ofisini na kitabu mkononi, akiwa ameweka vipande vya karatasi penye kurasa alizotaka kuzionyesha. Hakuulizwa juu ya kurasa hizo. Aliambiwa akasome wahakiki.

Safari hii msomaji alilazimika kuzitafuta mwenyewe. Sehemu za mwanzo, nyumbani Namagondo huko Ukerewe, zilimkamata upya. Zakaria ana ulevi wake, ana ukali wake, ana na fedheha ya baba aliyeshindwa na nyumba yake. Kipigo anachompa Rosa kwa sababu ya barua ya Charles kinatisha zaidi kwa kuwa anayekitoa ni mtu anayeeleweka. Hapo mkono wa mtunzi hauonekani. Lakini Rosa anapokwisha kuondoka nyumbani, matukio yanaanza kufuatana kwa kasi: mwanamume baada ya mwanamume, anguko baada ya anguko. Binti aliyekuwa na fikra zake katika kurasa za mwanzo anageuka kuwa mfano wa hoja juu ya malezi. Hata anapojiua, msomaji alijikuta akiiwaza hoja kuliko alivyomwaza Rosa. Kwa hiyo mwanafunzi yule alikuwa na ushahidi, nao ulikuwa katika kitabu chenyewe.

Hata hivyo, uaminifu unadai kusema na upande wa pili. Mtunzi alikuwa kijana, na alithubutu kuandika juu ya wasichana wa shule na wakubwa waliowatumia, jambo ambalo watu wazima wengi walilijua na kulinyamazia. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda. Mwandishi mwenye neno zito namna hiyo huwa na haraka, na haraka ya Rosa Mistika inaonekana. Msomaji haoni kwamba kasoro hiyo inaiondolea riwaya heshima yake. Anachokiona ni kwamba heshima hiyo haikuhitaji kulindwa kwa kumnyima mwanafunzi alama.

Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed ilimpa jambo la kulinganisha. Hapa pia kuna baba na binti: Maksuudi, mkubwa mwenye sauti nje na mlinzi wa gereza nyumbani, na Maimuna, aliyekuzwa ndani ya kuta hata asijue dunia ilivyo. Kurasa za nyumba ile iliyofungwa ni miongoni mwa kurasa bora katika riwaya ya Kiswahili. Bi Farashuu naye anaishi kwelikweli, kwa sababu kinyongo chake kina sababu na hila zake hazina huruma. Msomaji anamchukia na kumpa haki kwa wakati mmoja. Lakini kadiri kitabu kinavyoelekea mwisho, msomaji alianza kusikia karani akifunga hesabu. Maksuudi anaporomoka, Maimuna anapita katika danguro la Mama Jeni na kurudi, walioachana wanaelekezwa kwenye kusameheana. Kila deni linalipwa. Darasani jambo hili lilisifiwa kuwa ni muumano wa msuko. Leo msomaji anakiri kwamba lilimwacha baridi, kwa kuwa maisha ya watu waliotendeana ukatili wa namna ile hayana daftari safi kiasi hicho.

Hali ilikuwa tofauti alipofikia Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed. Kwa miaka mingi aliifundisha chini ya kichwa kimoja, yaani mgogoro wa kitabaka. Ni kweli kwamba mgogoro huo umo. Fuad, bwana mwenye mashamba, anamkataa mwanawe kwa rangi ya ngozi yake, na mwisho warithi wanamfuata Rehema hata katika kipande cha ardhi alichobakiwa nacho. Lakini kichwa hicho kilimfanya mwalimu apite mbio mahali ambapo mtunzi alitaka watu watue. Mahali penyewe ni shambani, Rehema na Sulubu wanapofanya kazi pamoja, siku baada ya siku, mpaka ardhi ikawajua. Mtunzi hana haraka hapo. Hawahutubii wasomaji juu ya utu wa mkulima. Anamwacha mkulima alime. Kwa sababu hiyo, shamba linaponyang'anywa, msomaji alikasirika kama aliyeporwa la kwake. Mihadhara yake yote juu ya umilikaji wa ardhi haikuwahi kumtia hasira hiyo, wala haidhaniwi kwamba ilimtia mwanafunzi yeyote.

Maoni juu ya Nagona (1990), ya Kezilahabi huyohuyo, ndiyo yaliyomgharimu zaidi kuyasema. Riwaya hiyo haifiki hata kurasa 100, nayo inaeleza safari ya mhusika anayemtafuta paa ambaye jina lake ndilo jina la kitabu. Mwalimu aliifundisha kwa kuegemea istilahi: udhanaishi, ishara, kuvunjwa kwa umbo la riwaya. Wanafunzi waliandika istilahi hizo na kuzirudisha kwenye mtihani, na wote wakafaulu. Ukweli ni kwamba mwalimu hakuielewa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika ualimu wa fasihi, kifo hicho kinaweza kuchelewa mpaka mtu achukue kiinua mgongo. Katika usomaji wa sasa bado hakuielewa yote. Lakini kwa kuwa hakuwa na mhadhara wa kuandaa, aliacha kuifukuzia maana moja, na kwa mara ya kwanza aliufurahia mwendo wa sentensi zake na ukimya wa mahali zinapompeleka mtu. Anaamini sasa kwamba kusema "sikuelewa kuanzia hapa" ni taarifa halali ya kihakiki, na kwamba kitabu cha aina hii kinaihitaji taarifa hiyo kuliko kinavyohitaji istilahi.

Riwaya ya mwisho ilikuwa Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi. Kasoro zake aliziona mapema. Denge, mpigania uhuru, ni mwema mno. Msomaji hakuweza kumpata akikosea jambo lolote la aibu. Misukosuko yake na polisi wa wakoloni nayo inajirudia. Lakini ndani ya kitabu hicho yumo Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15 anayeozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52, na yumo Mwajuma anayempokea Ng'ambo wakati jamaa zake wamemkataa. Yasmin anamkimbia mume, anavuka mipaka ya kabila na dini, anapenda, anapoteza, anaolewa tena. Kwa kanuni za riwaya zilizotangulia, binti wa namna hiyo alistahili kufa, au walau kuadhibiwa kwa muda mrefu kabla ya kusamehewa. Shafi anamwacha aishi. Kati ya kifo cha Rosa na uhai wa Yasmin kuna miaka 28, na msomaji anashuku kwamba historia ya riwaya ya Kiswahili katika kipindi hicho inaweza kuandikwa kwa kuuliza swali hilo tu: binti aliyetoka nje ya mlango, mtunzi alimfanya nini? Huenda ndiyo maana Amil Shivji alipoigeuza riwaya hii kuwa filamu mwaka 2021, kijana aliyezaliwa baada ya vitabu hivi vyote kuandikwa aliweza kumtazama Yasmin bila kuhitaji tanbihi.

3.0 Tamthiliya

Tamthiliya zilimfundisha msomaji kutahadhari na kipimo chake mwenyewe. Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando ilipokuwa mezani, mkono wa mtunzi ulionekana kila mahali. Wanawake wa Patata, ambao wengi wanaitwa kwa namba, wanajaribu kuisimamisha nguzo iliyolala, na wanashindwa. Maana yake inasomeka upesi, na msomaji aliwahi kuandika kwamba ni hotuba iliyovikwa khanga. Kisha akakumbuka maonyesho ya wanafunzi aliyoyatazama uani miaka mingi iliyopita. Ngoma ilipoanza, na Bi Msimulizi alipowageukia watazamaji, namba zile zilipata miili na sauti. Walipoinama kuinua nguzo na mmoja baada ya mwingine akaiachia kwa sababu ya shida ya nyumbani kwake, mama mmoja mfagizi aliyekuwa amesimama mlangoni aliitikia kwa sauti, bila kuombwa. Msomaji hakuyataja maonyesho hayo katika mhadhara wowote, kwa kuwa hayakuwamo kitabuni. Sasa anaona kwamba maoni yake ya awali yalikuwa maoni juu ya karatasi.

Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein inastahimili meza na jukwaa pia. Sababu, kwa maoni ya msomaji, ni kwamba mtunzi alimpa shujaa wake shaka na hakumnyang'anya. Kinjeketile wa tamthiliya, ambaye mtunzi mwenyewe alitahadharisha kwamba si nakala ya yule wa historia ya Majimaji ya 1905 hadi 1907, anaona neno lake likikua na kumzidi, watu wakilitegemea kuliko anavyolitegemea yeye. Maji yale yaliwaunganisha watu, na maji hayohayo yaliwapeleka mbele ya bunduki. Msomaji alipokuwa kijana alitaka tamthiliya iseme lipi kati ya hayo mawili ni kubwa. Uzeeni anashukuru kwamba haikusema.

Kwenye Ukingo wa Thim (1988), ya Hussein pia, haikumpa utulivu huo. Tamthiliya hii inahusishwa na kesi ya maziko ya S. M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987, baada ya mjane wake na ukoo kushindana mahakamani. Wapo wanaoisoma kuwa ni mgongano wa mila na usasa, na msomaji alifundisha hivyo. Katika usomaji wa sasa hakuuona mgongano huo ukiwa na pande mbili zenye uzito sawa. Aliona jinsi neno mila linavyoweza kutumiwa na watu wanaohesabu mali. Martha, mjane, hapati hata nafasi ya kulia kwanza. Msomaji anakiri kwamba upande wa ukoo ungeweza kupewa mtu mmoja mwenye imani safi, na kwamba tamthiliya ingekuwa kali zaidi kama angekuwamo. Lakini anakiri pia kwamba alisoma kurasa za mwisho akiwa amesimama.

4.0 Hitimisho

Maoni haya hayadai kuwa nadharia. Yanadai jambo dogo zaidi, kwamba fani na maudhui ni majina ya vitu ambavyo kwanza vinampata mtu, na mwalimu anayeanza na majina huweza kumaliza kozi nzima bila kujua kama kuna aliyepatwa. Kama msomaji huyu angerudishwa darasani, angewauliza wanafunzi kabla ya mhadhara wa kwanza: kitabu hiki kilikushinda ukurasa gani, na ni ukurasa gani ulikuzuia usilale? Majibu yangefuatwa na ushahidi, wahakiki na istilahi, kila kimoja kwa zamu yake.

Insha ya mwaka 1993 haikuonekana katika makasha. Mwanafunzi aliyeiandika alimaliza masomo akaenda zake, na alama ile ya D ilibaki katika kumbukumbu ambazo hakuna awezaye kuzibadilisha sasa. Msomaji alichukua nakala yake ya Rosa Mistika, akachana karatasi vipande, akaviweka kila mahali alipouona mkono wa mtunzi ukimsukuma binti kuelekea mtegoni. Vilifika saba. Hana namna ya kujua kama ndizo kurasa alizoletewa siku ile ofisini.