Nje ni Wapi?

Vitabu vya kufuga mbwa, vile vya Kizungu vinavyouzwa vikiwa vikuukuu kwenye meza za mitaa ya Posta, vyote vina mlango wa nyuma. Fungua mlango wa nyuma, vinasema, mtoe mbwa bustanini, msubiri, msifu, mrudishe ndani. Kazi imekwisha. Sasa ndugu msomaji, hebu njoo Magomeni, kwenye nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi umepita katikati kama njia ya reli. Mlango wa nyuma upo, tena mchana kutwa uko wazi, ila ukitoka hapo huingii bustanini. Unaingia uani. Na uani pana jiko la mkaa na dada anayekaanga maandazi, pana ndoo za maji zimejipanga foleni, pana nguo kambani, birika la udhu la mzee wa chumba cha kati, na watoto wanaocheza rede. Kwa mbwa, uani ni nje: kuna jua, kuna mchanga, hakuna paa. Kwa wapangaji, uani ni ndani kabisa, ndani kuliko hata chumbani, maana chumbani tunalala tu, uani ndiko tunakoishi.

Hiyo ndiyo kasheshe yenyewe. Kumfundisha mbwa mdogo kwenda haja nje si kazi ngumu sana, nitaeleza. Kazi ni kukubaliana na nyumba nzima kwamba nje ni wapi.

Tomi aliletwa na wezi. Maana yangu ni hii: mwanzoni mwa mwaka 2019 vibaka walituruka ukuta mara mbili, safari ya kwanza wakaondoka na ndoo na nguo, safari ya pili wakabeba mtungi wa gesi. Mama mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyesema, "Hapa pangekuwa na mbwa." Aliyasema kwa kupita tu, kama mtu anayesema laiti tungekuwa matajiri. Mimi nikalidaka neno lake hapohapo. Nilikuwa na mshikaji Mbezi, jike lake lilikuwa limezaa sita, na yeye alikuwa anahama na ofisi yake kwenda Dodoma kama walivyohama wengi miaka ile. Wiki ya mwisho ya Machi nikarudi kwa daladala na kijibwa cha wiki nane ndani ya kikapu. Jina nilimpa njiani, tena haraka, kwa sababu kwa Kiswahili chetu huwezi kuropoka "mtoto wa mbwa" mbele za watu ukafika kwako na meno yote.

Mama mwenye nyumba alichungulia kikapuni. "Huyu ndiye wa kumzuia mwizi?"

"Atakua, mama."

"Haya, mwanangu. Alale kwako. Ila nisione tone ndani ya nyumba yangu, wala pale uani kwa watu. Nikiona, anarudi alikotoka."

Alikotoka! Nyumba ya Mbezi ilishafungwa, funguo zimerudishwa kwa mwenyewe. Alikotoka maana yake ilikuwa jalalani, na sote wawili tulilijua hilo, tukanyamaza.

Nilikwenda kwa bwana mifugo kwa ajili ya chanjo, nikapata na darasa la bure. Kijibwa cha wiki moja au mbili, alisema, hata hakijui kujisaidia; mama yake hukilamba tumboni ndipo haja itoke, na uchafu anausafisha mwenyewe kwa ulimi. Kikifika wiki tatu hivi, miguu ikipata nguvu, kinajiburuta chenyewe kutoka mahali kinapolala na kwenda pembeni. Hakuna aliyekifundisha. Kwa hiyo mbwa anakuja kwako tayari na nusu ya somo: hapendi kuchafua kitanda chake. Shida ni kwamba kitanda chake anakijua, nyumba yako haijui. Chini ya meza yangu ya kuandikia, kwa Tomi, palikuwa porini.

Basi nikamfanyia kitanda kidogo. Nilichukua tenga la nyanya, nikatandika gunia, nikaliweka kando ya kitanda changu. Nafasi ya kusimama, kugeuka na kujilaza, basi. Likiwa kubwa zaidi atalala kona hii na kukojoa kona ile. Usiku anafungwa humo, akianza kulia si kwamba anadeka, anakuita. Mchana nilikuwa na vipindi vitatu vya kuvizia: akiamka tu, akimaliza kula tu, na mchezo ukipoa. Ukiona pua imeshuka chini na mwili umeanza kuzunguka kama mtu aliyedondosha sindano, hapo huna dakika, una sekunde. Mwenye miezi miwili anaweza kujizuia saa tatu hivi akijitahidi sana, na usingizini zaidi kidogo. Chakula nacho kina saa zake: ugali na dagaa asubuhi, mchana na jioni, kisichoisha kinaondolewa. Kinachoingia kwa saa hutoka kwa saa.

Lakini kumpeleka wapi?

Uchochoroni, nilidhani kwanza. Bwana mifugo akakataa. Mbwa ambaye hajamaliza chanjo asikanyage walipokanyaga mbwa koko, kuna ugonjwa wa kuhara damu, parvo, na kirusi chake hukaa kwenye udongo miezi na miezi kikisubiri. Ng'ambo ya uchochoro kuna pagale la nyumba isiyokwisha; humo wanalala mbwa koko na, nadhani, wale wale wa mtungi wa gesi. Uani kumekatazwa. Barazani ndipo wanapokaa wazee na bao lao. Nikazunguka ile nyumba siku nzima kama mpima viwanja. Mwisho nikapaona: nyuma ya choo, kati ya ukuta na mabati, ukanda wa mchanga hatua nne kwa mbili, na mpapai mmoja uliojiotea. Hakuna anayepika pale, hakuna anayepita, mbwa wa nje hawafiki.

Mama mwenye nyumba aliposikia akacheka kwa mara ya kwanza. "Nyuma ya choo? Haya. Na yeye awe na choo chake."

Nikamwahidi kwamba kila kinachoanguka pale nitakizoa na kukimwaga chooni papo hapo. Hili si la usafi wa macho tu. Vijibwa karibu vyote huzaliwa na minyoo au huipata kwenye maziwa ya mama, na mayai yake yakikaa mchangani wiki kadhaa yanaweza kumwambukiza mtoto wa mtu. Siku ileile bado hayajakomaa. Kwa hiyo mwenye kuzoa mapema amekwisha ihami nyumba nzima. Hata hivyo mapapai ya mti ule, tangu siku hiyo, hakuna aliyeyagusa.

Likabaki neno. Mbwa anahitaji neno moja la kusikia kila anapoanza kujisaidia, ili baadaye neno liitangulie haja. Wazungu wana maneno yao mafupi. Mimi, saa saba za usiku, kwenye nyumba yenye akina mama na mzee wa heshima, ningeita nini? "Kojoa" halisemeki. "Kajisaidie" ni refu. "Haja" linafanana na "haya" na "njoo" ya mtu aliyepaliwa. Kiswahili kimejaa mapazia kwa jambo hili: msalani, haja ndogo, haja kubwa, kujisaidia. Ndipo nikakumbuka mabasi ya mikoani. Dereva akisimamisha gari kwenye kichaka katikati ya safari, konda hasemi tumesimama kukojoa. Anasema, "Wa kuchimba dawa, dakika tano!" Watu wazima wote wanashuka na heshima zao. Basi Tomi naye akawa anachimba dawa. Kila akiinama pale mpapaini namwambia taratibu, "Chimba dawa," akimaliza tu, papo hapo, dagaa mmoja. Papo hapo, si baada ya kurudi chumbani, maana hapo atadhani analipwa kwa kurudi. Mrusi Ivan Pavlov, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliwatoa mbwa mate kwa sauti tu, chakula bado hakijaonekana. Mimi nilitaka mkojo. Mwezi mzima nilitembea na dagaa mfukoni, na kwenye daladala sikukosa nafasi ya kukaa, jirani alihama mwenyewe.

Mwanzoni nilimbeba. Kutoka chumbani kwangu mpaka mpapaini ni hatua ishirini na nane, na mbwa wa wiki nane hamalizi hatua ishirini na nane bila kusimama njiani. Usiku nilifungua komeo saa saba na saa kumi, nimekumbatia kitu, nanyata kuelekea nyuma ya choo, nanong'ona maneno. Wiki ya pili nikasikia kwamba chumba cha nne wanasema mimi mwanga. Ikabidi niwaalike waje kushuhudia.

Ushauri nao haukukosa. Msugue pua kwenye mkojo wake, huyo. Mchape na ndala, huyo. Sikufanya, na wala si kwa huruma peke yake. Mbwa ukimchapa kwa jambo la dakika kumi zilizopita, fimbo haiungi na mkojo, inaunga na wewe. Anachojifunza ni kwamba wewe si mtu wa kukojoa mbele yake. Safari nyingine atakwenda uvunguni. Na ukimpeleka mpapaini atakutazama tu amebana.

Kisha tukahitimu, akaanza kutembea kwa miguu yake, na kamba shingoni. Siku ya pili tu ya kutembea, katikati ya Aprili, pale ukumbini mbele ya chumba cha kati, akasimama ghafla juu ya kandambili ya mzee. Sikuwahi hata kuivuta kamba.

Mzee alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaitazama ndala. Hakupaza sauti. Akaniambia nilete maji na udongo safi, akakaa kigoda uani, akaiosha mara saba, moja kwa udongo, akizihesabu kwa sauti, moja, mbili, na nyumba nzima imetoka kusikiliza. Waislamu wa pwani yetu wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao unyevu wa mbwa, mate au mkojo, ni najisi nzito. Alipofika saba akasema, "Kijana, mbwa wa ulinzi sheria haimkatazi. Imam Malik hata mwili wake hakuuhesabu najisi. Ila sisi si wa Malik. Mimi hapa nasali mara tano." Basi. Mtu angenitukana ingekuwa nafuu.

Mimi nilisugua sakafu kwa sabuni, kisha siki na maji, nikapepea mpaka pakakauka. Saruji inanyonya, na pua ya mbwa ikikuta harufu ya jana inadhani pale ndipo msalani. Dawa za kusafishia zenye amonia ndizo mbaya kabisa, zinanukia kama mkojo wenyewe.

Jioni mama mwenye nyumba aliniita. "Mwezi wa Ramadhani unakaribia, mwanangu. Watu watakuwa na funga zao na sala zao humu ndani. Mwezi ukiandama na huyu bado ananimwagia ukumbini, sitaki kumwona."

Mwaka ule Ramadhani ilikuwa iingie mwanzoni mwa Mei. Zilibaki wiki tatu. Nikatundika kalenda, kila siku kavu naichora msalaba. Nikarudi kumbeba pale ukumbini tu, uani anatembea. Misalaba ikaanza kufuatana, mitano, minane. Ikaja masika.

Hakuna kitabu kilichoniambia kwamba mbwa anaweza kuchukia mvua kuliko paka. Usiku mmoja wa mwisho wa Aprili ilinyesha kama imetumwa. Tomi akafika ukingoni mwa paa, akainua mguu mmoja wa mbele, akaurudisha. Nikambeba mpaka mpapaini. Akatimua mbio kurudi. Nikambeba tena, safari hii na mwavuli, nikamfunika yeye mimi nikalowa. Chimba dawa. Ananitazama. Chimba dawa, bwana, nakuomba. Maji yanapita juu ya miguu yangu, radi inapiga upande wa Kigogo, mimi nimesimama nyuma ya choo namshikia mbwa mwavuli karibu saa nzima. Nilikuwa nafikiria jalala. Wakati wa mvua jalala la mtaani kwetu huwa ziwa. Sijui kama aliona haya au alizidiwa, lakini mwishowe akazunguka mara mbili, akainama, na mimi nikamlipa dagaa watano kinyume na kanuni zote.

Mwezi ulipoandama kalenda ilikuwa na misalaba kumi na saba mfululizo. Mama mwenye nyumba hakusema kitu, na kwake kutosema kitu ndiyo stakabadhi.

Usiku wa tatu au wa nne wa mfungo, kwenye saa kumi hivi, wakati wa daku, nyumba nzima iko macho, vijiko vinagonga bakuli. Tomi sasa halali tena kwenye tenga lililofungwa. Nilizinduka nikamsikia anakwaruza mlango wa chumba, mara mbili, akasubiri, mara moja. Hajawahi kuomba mwenyewe. Nikamfungulia, nikitafuta ndala zangu kwenye giza, yeye akashatangulia ukumbini, moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, akakaa chini ya komeo.

Mzee wa chumba cha kati alikuwa anatoka kunawa. Akasimama. Akakusanya kikoi chake kwa mkono mmoja, akakipandisha mpaka magotini kisimguse, akanyoosha mkono wa pili kwa mbali, akavuta komeo.

"Haya, kachimbe dawa," akamwambia. "Upesi, adhana inakaribia."