Taa ya 4x4 Ikiwaka na Kuzima

Mvua imefika, na ninyi wenye pikapu ndio mnaoamshwa usiku kumpeleka mama mjamzito hospitali. Basi hili likague leo, mchana.

Ukizungusha swichi ya 4x4 na taa ya dashibodi ikawa inawaka na kuzima bila kutulia, gari linakwambia kazi haijakamilika. Huenda magurudumu ya mbele hayajashika. Usiingie topeni kwa imani eti litashika mbele ya safari! Songa mbele polepole, rudi nyuma kidogo. Mara nyingi huingia. Nayo 4L, kwa magari mengi, hukataa mpaka usimame na kuweka nyutro.

Bado? Simama pahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Zima injini, washa swichi ya ufunguo, mtu azungushe ile ya 4x4 huku wewe ukisikiliza karibu na giaboksi. Mota ikilia, umeme unafika. Kukiwa kimya, anza na fyuzi na betri, kisha plagi ya waya kule chini. Hapo ndipo maji ya tope huingia na kuacha kutu ya kijani. Waya wa ethi nao ni mjanja: huonekana mzima, lakini mota ikivuta umeme unashindwa.

Fundi akisema mota imekufa, mwulize kwa upole, "Umepima umeme kwenye plagi yake wakati swichi inazungushwa?" Mota ni ghali, wapendwa. Fyuzi ni shilingi chache.

Na ukifika lami kavu, rudisha 2H.