Kima wa chini ya mpera

Kwa muda wa miaka minne nyumbani kwetu palikuwa na kima, amefungwa kamba kiunoni chini ya mpera. Tulimnunua njiani kwa mtu aliyetoka porini, akiwa bado mdogo hata aweza kulala ndani ya kofia, nasi tukajisifu kwamba tumemwokoa. Watoto walimpenda, wageni walimchekea. Sisi wenye kufundisha katekisimu kila Jumamosi tulipita kando yake tukienda parokiani pasipo kujiuliza neno. Alipokua akaanza kuuma. Siku alipomwuma mtoto wa jirani, jirani alikuja na panga, wala hatukuwa na jibu la kumpa. Tulimwomba atuachie mpaka kesho.

Kesho yake tulimtia katika kikapu chenye kifuniko, tukampeleka Lwiro, huko Kabare, karibu na Mbuga ya Kahuzi-Biega. Kituo cha Lwiro kilianzishwa mwaka 2002 na ICCN pamoja na kituo cha utafiti cha CRSN, ili kupokea sokwe na kima walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi, au walioletwa na watu kama sisi. Sokwe peke yao wamepita mia. Nyuma ya kila sokwe mdogo aliyeko pale yafaa kumwona mama aliyeuawa, kwa maana sokwe hamwachi mtoto wake angali hai.

Tuliuliza hufanywa nini na mnyama mzee, au mkali, au yule asiyeweza tena kurudi msituni. Tukajibiwa kwamba hutunzwa. Jibu lilikuwa fupi, nasi tulichelewa kulielewa. Sokwe aweza kuishi miaka 40 na zaidi. Anayempokea leo akiwa wa mwaka mmoja amejifunga kumlisha hata wakati ambapo yeye mwenyewe hatakuwapo tena kazini; na ahadi hiyo ndefu husimama juu ya sadaka za watu wa mbali, ambazo zaweza kukoma mwezi wowote. Twadhani ni rahisi kumpata mtu wa kutoa kwa ajili ya yatima mchanga anayenyonya chupa. Lakini yuko wapi atakayetoa kwa ajili ya dume zee lenye meno mabovu? Nalo hula kila siku.

Tuliporudi tuliwasimulia wenzetu wa shirika. Mama mmoja, mjane, alisikiliza hata mwisho, kisha akasema: «Mwalimu, hao wanakula ndizi, na watoto wetu wanalala njaa. Hiyo ni haki gani?» Tulimjibu upesi, kama walimu wajibuvyo, kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki, nambari 2418, yafundisha kuwa kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu. Akanyamaza. Usiku tulifungua kitabu, tukakuta kwamba nambari ile ile yaendelea: haifai vilevile kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu ya watu. Tulikuwa tumemnyamazisha mjane kwa nusu ya fundisho.

Juma lililofuata tulimwomba radhi mbele ya wote, tukasoma nambari nzima. Hapo ndipo tulipoongeza yale tuliyoyaona: kwamba kituo hununua chakula kwa wakulima wa vijiji vya kandokando, kwamba akina mama hulipwa mshahara kwa kuwalea wale wachanga, na kwamba fedha hizo, zilizotolewa kwa kusudi hilo, hazikutoka katika sahani ya mtoto yeyote wa Kabare. Aliyapokea hayo, ingawa si yote. Alisema mwenye kutoa angeweza pia kuwaona watoto. Tulikubali. Kisha akauliza: «Na ninyi mliyemwacha kima wenu kule, mlitoa nini?»

Hatukuwa tumetoa kitu. Hata mkungu mmoja wa ndizi. Tulikabidhi kikapu, tukashukuru, tukadai kikapu chetu.

Tangu siku ile, kila mavuno tunagawa viazi vitamu vya shamba letu mara mbili: gunia la kwanza huenda kwa mjane yule, la pili Lwiro. Mara ya mwisho mtunzaji alilipokea gunia kwa mikono miwili, akatuambia kwa upole kwamba halitafika kesho kutwa. Tukaomba kumwona kima wetu. Akatuuliza alama yake. Tukasema ana kovu la kamba kiunoni.

«Mwalimu», akajibu, «wenye kovu hilo ni wengi».