Tulipoanza Kuchangia Matibabu

Nilipokuwa mdogo kijijini kwetu, upande wa Igunga, mgonjwa hakudaiwa pesa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilitangaza matibabu bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Ila kufikia miaka ya themanini, bure ile ilikuwa imebaki jina. Mganga yupo, dawa hakuna. Kasha la dawa likifika zahanati, klorokwini ilikwisha mapema, na baba akamtuma mtu mjini kuinunua kwa pesa ya mauzo ya pamba.

Ndiyo maana uchangiaji ulipoanza mwaka 1993 katika hospitali kubwa, kisha ukashuka wilayani, wazee wetu hawakupinga sana. Waliambiwa wakichangia, dawa zitapatikana.

Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wasiojiweza walisamehewa. Shangazi alikwenda kujifungua akijua hatatoa hata senti, na kweli hakudaiwa kitanda. Lakini muuguzi alimtajia mama vitu vya kuleta: glavu, nyembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika kitandani.

"Mama, sisi hapa vimetuishia. Nenda dukani hapo ng'ambo, wanauza."

Mama akatoka usiku uleule. Ikaja sindano, ikaja nauli, ikaja chakula cha waliomuuguza, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwenye risiti ya hospitali. Nyumbani waliuza mbuzi, kisha mahindi ya akiba. Shangazi na mtoto walirudi salama, alhamdulillahi, lakini masika hayajafika tukawa tunanunua unga wa kupima.

Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukaanza kujaribiwa Igunga. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi hichohicho, utaratibu ulioitwa "tele kwa tele". Mpango ule nauheshimu hadi leo, kwa sababu mkulima alilipa akiwa na pesa ya mavuno, si akiwa na mgonjwa mgongoni. Lakini siku zahanati ilipoishiwa dawa, mwenye kadi na asiye nayo walielekezwa duka lilelile.

Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Ninawaomba wanaoisimamia wasiishie kuhesabu kadi zilizotolewa. Wamuulize mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani: umetumia kiasi gani nje ya dirisha la malipo, na umeuza nini kukipata?